Meno Mawili Yaliyobaki

Mimi ndiye niliyemng'oa mwanangu meno. Naanza na hilo ili msomaji asije akanionea huruma mapema, halafu akajuta mbele ya safari. Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye mtoto wake ana joto lisiloisha na ufizi usiotoa meno, ambaye leo ameketi kwenye benchi la hospitali huku kila mtu akimwambia lake. Mimi nilisikiliza kila mtu isipokuwa mke wangu, na haya ndiyo yaliyotokea.

Naitwa Athumani, fundi baiskeli wa Kalangalala, Geita. Ujanani nilifanya kazi kwenye karakana ya mgodi. Mgodi ulipofungwa nilirudi nyumbani na kisanduku cha vifaa na hasira tele. Ndani ya kisanduku mlikuwa na koleo la mdomo mwembamba, la kukunjia waya. Watu wenye meno mabovu walipoliona wakaanza kuniletea vinywa vyao, maana hospitali ilikuwa mbali na jino likiuma halina subira. Nilimkalisha mtu kwenye kigoda, mwenzake akamshika kichwa, nikavuta. Nilijisifu sana kwa kazi ile. Nilidhani mtu akijua kung'oa basi ameyajua meno.

Mke wangu ni Kabula, Msukuma wa vijiji vya upande wa Shinyanga. Mama yangu, Bi Mwajuma, alikuwa Mzigua. Alikuja bara akimfuata baba, aliyefanya kazi ya reli Tabora, na baba alipofariki nikamchukua akae nasi. Wanawake hawa wawili walipatana vizuri, wakitwanga pamoja na kunisengenya pamoja, mpaka alipozaliwa Hamisi.

Hamisi alizaliwa katikati ya kiangazi, na tangu wiki ya kwanza mwili wake ulikuwa wa moto. Ngozi ilikuwa kavu, inapasukapasuka. Nywele zilikuwa chache mno, laini, zisizo na rangi. Puani alitoa makoko yenye harufu, na Kabula aliyalainisha kwa mafuta ya karanga kila asubuhi. Homa ilipanda jua likiwa utosini, ikashuka jua likizama, na siku ya mvua haikuja kabisa. Mtu aliyetulia angeliona hilo. Sisi tulimpeleka zahanati akachomwa sindano ya malaria, wiki iliyofuata tukampeleka tena akachomwa tena. Tuliketi kwenye benchi lile la saruji mara nyingi hata nikazijua nyufa zake. Makalio ya mtoto yakawa magumu kwa sindano, na kila akiona koti jeupe alianza kulia kabla hajaguswa. Siku moja nilimkaba ukosi dresa, mhudumu wa zahanati, kwa sababu alisema mke wangu hampi mtoto dawa. Watu wawili wakanitoa nje, na homa ikabaki ileile.

Hakuna aliyegundua kwamba mtoto hatoki jasho. Ukiwa na mtoto mgonjwa unatazama kilichopo, hutazami kisichopo.

Alitimiza mwaka bila jino. Akafika mwaka na nusu, ufizi mtupu. Mvua za kwanza zilipoanza yakachomoza mawili, yote ya juu, membamba na yenye ncha kama ya mtoto wa mbwa. Mama alikuwa akimlisha uji, kijiko kikagonga kitu. Akamfunua mdomo kwa kidole, akatazama, akaweka bakuli chini.

"Athumani," aliniita. "Njoo uone. Mwanao ni kigego."

Kabula alikuwa mlangoni. "Kigego ni nini, mama? Mimi neno hilo silijui."

Mimi nililijua, maana nilikua nikilikwepa kama watoto wote wa nyumba yetu. Kigego ni mtoto anayeota meno ya juu kabla ya ya chini. Kwa wazee wa mama, mtoto wa namna hiyo alikuwa nuksi. Akiachwa akue, huwamaliza waliomzaa, mmoja mmoja. Mama alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeota hivyo. Bibi mmoja alimbeba mgongoni kwenda porini asubuhi, akarudi adhuhuri mgongo mtupu. Mama alikuwa na umri wa miaka sita, na ndiye aliyetumwa kuifua ile mbeleko. Aliwahi kunisimulia mara moja tu, huku akichambua mchele.

"Sitaki apelekwe popote," aliniambia sasa. "Nataka aishi. Ng'oa hayo mawili, ya chini yatangulie. Mambo yataisha hapohapo."

Naomba hili lisomwe polepole: mama yangu hakuwa mchawi wala katili. Alikuwa akimwokoa mjukuu wake, kwa jinsi alivyojua. Nami nilikuwa na koleo.

Siku ya pili Kabula alipokwenda kisimani, mama alimpakata Hamisi, akambana miguu kwa mapaja na kichwa kwa kiganja. Nilimfungua kinywa kwa kidole gumba. Aliniangalia bila hofu, alidhani ni mchezo. La kwanza lilitoka na kipande cha ufizi. La pili lilikatika nusu, ikabidi nilirudie, na hapo ndipo aliponitazama kwa namna ambayo mpaka leo sijapata maji ya kuiosha. Damu ilijaa mdomoni, ikamwagikia khanga ya mama. Sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa ya kukwaruza, ilikatika kabisa. Alikuwa akilia, midomo wazi, bila sauti.

Kabula aliingia na ndoo kichwani. Hakuuliza. Ndoo ilianguka, akachukua mchi uliokuwa umeegemezwa ukutani, akanipiga mdomoni. Alinipiga mara moja tu. Nilipoinuka nilitema, nikaona sakafuni pana meno manne, mawili yake Hamisi na mawili yangu.

"Haya," Kabula alisema, akimnyakua mtoto. "Subiri na yako ya chini yatangulie."

Kesho yake alipanda lori la pamba kwenda kwao, mtoto mgongoni. Mama aliyaokota yale meno madogo, akayarusha juu ya paa, akakaa kungoja meno ya chini ya mtoto ambaye hayupo tena.

Mimi nilikwenda Nyarugusu kuchimba. Sikwenda kwa tamaa ya dhahabu, nilikwenda kwa sababu mle shimoni hakuna anayekuuliza habari za nyumbani. Nilikaa misimu miwili ya mvua, nikichimba mchana na kupigana jioni. Wachimbaji waliniita Pengo. Siku moja kijana mmoja alinichezea mbele ya wengine, akaingiza ulimi ndani kuigiza ninavyosema, na wote wakacheka. Nilimwangusha, nikamkalia kifuani, nikampiga kwa jiwe la kupondea mwamba mpaka sikio likaning'inia. Nilipoinua jiwe tena nilisikia mwenyewe ninachosema. Nilikuwa nasema, "Usimwite hivyo! Usimwite hivyo!" Sikusema usiniite. Wakaniondoa juu yake wakiwa wanne. Kijana alipona, na sikio lake lilishonwa vibaya. Wiki ileile nikaondoka kwenda Shinyanga.

Nilifika kwa wakwe zangu adhuhuri, jua kali, kiangazi kikiwa kimekomaa. Hamisi, ambaye alikaribia miaka minne, alikuwa ameketi ndani ya hori la kunyweshea ng'ombe, maji yakimfika kifuani, anacheka. Nilimgusa shingo. Alikuwa wa baridi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nilimshika mwanangu mchana akiwa wa baridi. Akanitazama, akaliangalia pengo langu, akafunika mdomo wake kwa mkono wote.

"Usimguse mdomo," Kabula alisema nyuma yangu. Alikuwa na jembe mkononi, na sikuwa na shaka kwamba angelitumia.

Yalikuwa yameota mawili mengine, ya juu tena, moja kila upande wa lile pengo nililolifanya mimi. Yalikuwa na ncha vilevile. Chini hakukuwa na kitu.

Mama mkwe, kwa heshima ya kwao, hatazamani na mume wa bintiye. Alikaa amenipa mgongo, akazungumza na Kabula kwa Kisukuma, ambacho nakielewa, ili mimi nisikie. Alisema alikuwa na mtoto wa kiume kabla ya Kabula, jina lake Masanja. Hakuwa na nywele za maana wala meno, na hakutoka jasho. Alikula ugali wa kulowekwa mpaka akawa kijana. Siku moja ya palizi ya pamba baba yake alimwita mvivu, akamzuia asiende kivulini. Masanja alianguka kwenye tuta, akatapatapa, akafa jua likiwa bado juu. Nyumba nzima ikakubaliana kutolitaja jina lake, Kabula akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na ndiyo maana Kabula hakuwahi kulisikia.

"Mwambie mume wako," mama mkwe alimalizia, akiwa bado amenipa mgongo, "mtoto huyu kafanana na wa kwangu. Ni damu ya kwetu. Hakuna mkosi hapo. Mwambie pia nami nilikaa kimya, kwa hiyo kosa si lake peke yake."

Sikustahili wema ule. Nililia mbele ya ng'ombe.

Tulimpeleka hospitali ya mjini Shinyanga. Benchi lilikuwa refu, la mbao, na watu walisogea mbali nasi walipomwona. Mama mmoja alimfunika mwanawe macho. Kabula aliloweka khanga kwenye ndoo tuliyokwenda nayo, akamfunika Hamisi kichwani, akalirudia hilo kila khanga ilipokauka. Tulikaa tangu asubuhi mpaka saa tisa. Mfagiaji, mzee mmoja, ndiye aliyetujazia ndoo mara tatu bila kuombwa. Nimesahau sura za wakubwa wengi katika maisha yangu lakini ya mzee yule ninayo.

Daktari wa meno alikuwa Mhaya mrefu, mkali wa maneno. Alimtazama Hamisi kwa muda mrefu na mikono yake ilikuwa mipole.

"Hapa katikati palikuwa na mengine. Nani kayang'oa?"

"Mimi," nilisema.

"Kwa nini?"

"Ili ya chini yatangulie."

Alivua miwani. "Hayo ya chini hayapo, fundi. Hayakuwapo. Hata uliyoyang'oa hayana ya kufuata. Mtoto wako alipewa meno ya kuhesabu, nawe ukatupa nusu." Kisha akaliona pengo langu. "Na wewe je, nani kakung'oa?"

"Mimi," Kabula alisema.

Daktari alimtazama, akavaa miwani yake. Alitueleza kwa maneno machache. Haya mawili yaliyobaki tuyatunze. Hamisi akifika umri wa kutulia kitini, kama miaka miwili mbele, atamtengenezea meno ya bandia, na ya juu yatashikwa na haya mawili kwa waya. Yakipotea, hakutakuwa na pa kushikia. Kuhusu joto hakukuwa na dawa ila maji, kivuli na kutokimbizwa juani. Hakuna sindano. Nilitaka kumpigia magoti.

Tukarudi Geita tukiwa na kazi moja tu, meno mawili kwa miaka miwili. Kabula aliyasafisha asubuhi na jioni kwa kitambaa na chumvi. Nilimfungia Hamisi chupa ya maji shingoni, niliyoitoboa matundu kizibo, ajimwagie mwenyewe akicheza. Mama alisikiliza maelezo yote ya daktari, akaitikia kwa kichwa, lakini sikumwona tena akimpakata mjukuu wake. Alimtengea kinu kidogo, akamtwangia karanga na nyama kavu laini kabisa, akamsogezea bakuli kwa mwiko kama anayelisha kitu cha porini.

Mwaka wa pili kiangazi kilileta surua. Tulikuwa tumepata mtoto wa kike, Mwanahawa, mwenye nywele nyingi na meno ya chini mawili mazuri, ambayo mama aliyashangilia kwa vigelegele. Surua ikamchukua kwa siku tano. Tulimzika Ijumaa. Katika siku zote za matanga mama hakulia, alikuwa akimtazama Hamisi.

Siku ya arobaini, wageni walipokuwa uani wakila, nilisikia ile sauti. Ile ya siku ya koleo. Ni kilio kisicho na sauti, pumzi inayokwaruza. Nilikimbia chumbani. Mama alikuwa amemlaza chini, goti juu ya kifua chake, na koleo langu mkononi. Alikuwa amelishika jino la kushoto. Alikuwa analia na kumwambia Hamisi, "Vumilia, baba, vumilia bibi akuponye."

Nilimpiga mama yangu. Sitaandika kwamba nilimsukuma, kama nilivyowaambia ndugu. Nilimpiga kwa ngumi mkononi pale alipolishika koleo, nikampiga tena alipokuwa ameshaliachia, na lile pigo la pili halikuwa la kumwokoa mtu. Nilisikia mfupa ukivunjika. Wageni walijaa mlangoni. Mama alikaa sakafuni ameushika mkono wake, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umeona? Ameshaanza kutumaliza."

Ndugu zangu walimchukua kwenda naye Tabora, na mimi nikaambiwa sina mama. Nilikwenda mara mbili kuomba radhi. Mara ya kwanza hawakunifungulia. Mara ya pili mama alitoka, mkono umepinda, akauliza jambo moja tu: "Yamebaki?" Nikasema yamebaki. Akaingia ndani. Alifariki mwaka uliofuata, na sijui mpaka leo alitaka nijibu nini.

Jino la kushoto lilikuwa limelegea. Tulipanda lori kwenda Shinyanga siku hiyohiyo ya arobaini, na daktari akalifunga kwa waya kwenye kipande cha plastiki, akatuambia tungoje. Tulingoja mvua za vuli, tukangoja za masika. Kabula alimlisha kwa kidole chake ili kijiko kisiguse. Jino likashika.

Hamisi alipotimiza miaka sita tukaitwa kuchukua vipimo. Walimjaza kinywa kitu kama udongo wa mfinyanzi, na kwa kuwa alikumbuka kila kitu, alipigana. Nilimshika kichwa, Kabula miguu, nesi mikono. Alitapika, akampiga nesi teke la tumbo, akajikojolea. Nilimshika kichwa kama mama yangu alivyomshika, kwa kiganja kilekile cha kwetu. Vipimo vilipelekwa Dar es Salaam kwa treni. Tukarudi nyumbani na mtoto asiyenisemesha.

Wazazi waliowahi kunifuata kwa jambo hili, wengine kutoka Katoro na mbali zaidi, huniuliza kama ilifaa. Nawaambia Hamisi ameshabadilisha seti tatu, kwa sababu taya hukua na meno ya bandia hayakui. Nawaambia vidonda vya ufizi vitakuja na vitaondoka. Leo ni kijana, anafundisha shule ya msingi, ana ndoo yake ya maji nyuma ya mlango wa darasa, na wanafunzi wake wanaigombania zamu ya kuijaza. Lakini wanachotaka kujua hasa si hicho. Wanataka kujua kama mtoto atawasamehe waliyomtendea. Hapo ndipo ninapowaonyesha kidole gumba cha mkono wangu wa kulia, nikawasimulia siku meno yalipofika.

Yalikuja yamefungwa ndani ya pamba, meupe, madogo, ufizi wa rangi ya waridi. Hamisi alikaa kitini peke yake, amebana midomo. Alifungua kwa mama yake tu. Daktari akabandika ya chini, kisha ya juu, nyaya zikayakumbatia yale meno mawili, zikalia ki. Sura ya mtoto ilibadilika mbele yetu, mashavu yakajaa, kidevu kikashuka, nikamwona Mwanahawa, nikamwona na mama yangu.

"Baba, mshike taya," daktari aliniambia. "Nataka aume, tuone kama yamekaa sawa. Hamisi, uma."

Niliweka mkono. Hamisi alinitazama, kwa macho yaleyale ya siku ya koleo. Kisha akageuza kichwa, akakitia kidole gumba changu kinywani, kilekile kilichomfungua, akauma.

Hakuuma kitoto. Aliuma kwa taya lililongoja miaka sita. Yale ya bandia yalibana, na yale mawili yake mwenyewe, yenye ncha, yakapenya ukucha mpaka ndani. Damu ilimtiririka kidevuni. Daktari akaruka kutoka kwenye kiti chake, nesi akapiga yowe. Mimi machozi yalinitoka na nilikuwa nacheka, pengo langu wazi mbele ya watu wote, maana hayakuyumba, jamani, hata kidogo hayakuyumba.

"Mama, mwachishe!" daktari alifoka.

Kabula alikuwa amekaa kwenye benchi, amekunja mikono juu ya khanga yake mbichi.

"Mwache amalize," alisema.